Sakafu ya Mama Mwenye Nyumba

Neno la kwanza aliloniambia mama mwenye nyumba wangu wa Bariadi halikuwa "karibu". Nilikuwa nimesimama mlangoni kwake na begi mkononi, nimechakaa kwa safari ndefu ya kutoka Lushoto, nikitegemea walau pole. Yeye aliangalia miguu yangu.

"Vua viatu, mwalimu," akasema. "Hapa siyo stendi."

Nilivua. Nilidhani ni utani wa wenyeji kwa mgeni, lakini baadaye niligundua kwamba katika jambo hilo hakuwa na utani na mtu. Padri alivua. Mwenyekiti wa mtaa alivua, na soksi zake zilikuwa na matundu, habari ambayo ilifika bombani kabla ya saa sita mchana. Mbuzi aliyekosea njia akaingia sebuleni alitoka mbio na ufagio mgongoni. Wenye ruhusa walikuwa kuku peke yao. Kuku wake walilala ndani, chini ya meza, wakachafua walipotaka, naye asubuhi akapita nyuma yao na kitambaa bila kunung'unika. Niliwahi kumuuliza inakuwaje mtu mzima avue viatu halafu kuku aingie na miguu iliyotoka jalalani. Alinitazama kwa huruma.

"Kwani kuku ana viatu?"

Mjadala ukaishia hapo. Ndivyo mijadala yake mingi ilivyoisha.

Nilipanga kwake chumba cha pembeni, tukichangia ua mmoja, kwa miaka yote niliyofundisha mjini pale. Nilimpenda, na aliniudhi karibu kila siku. Alikuwa mrefu, mkavu, na kitambaa cha kichwa amekifunga kwa nguvu utadhani anazuia kitu kisitoke. Alinisalimia kwa Kisukuma hata baada ya kujua kwamba sikijui. "Mwangaluka, mwalimu." Mimi najibu shikamoo, yeye anaitikia marahaba, kisha anaongeza "Mhola?" na kusubiri mpaka niseme mhola, ndipo aniachie njia. Mwaka wa kwanza nilisema mhola bila kuelewa kwamba maana yake ni kuwa nina amani. Kuna siku nyingi nilidanganya.

Vumbi ndilo lilikuwa adui yake. Bariadi wakati wa kiangazi haina uchache wa vumbi: linatoka mashambani pamba ikishavunwa, linatoka barabarani, linaletwa na ng'ombe wanaporudi. Yeye alilifagia alfajiri, akalifagia baada ya chakula cha mchana, akalifagia jua likielekea kuzama, kwa ufagio wa majani aliyoyakata na kuyafunga mwenyewe. Ua aliufagia kwa mistari iliyonyooka, na kesho yake aliisoma. "Jana ulirudi umekasirika," aliniambia asubuhi moja nikipiga mswaki. "Kisigino kimezama." Ilikuwa kweli. Mwalimu mkuu alikuwa amenisema mbele ya wanafunzi, na sikuwa nimemwambia mtu.

Alikuwa Mkatoliki wa jumuiya, asiyekosa misa, na mimi Mwislamu. Hilo halikumsumbua hata kidogo, ila lilimpa kazi. Siku ya kuchinja kuku alimwita muuza mkaa wa jirani, ambaye ni Mwislamu, aje ashike kisu, "ili mwalimu naye ale." Mwezi wa Ramadhani alinigombeza kwamba nakonda, kwamba mama yangu Lushoto atasema nini, na jioni nikakuta uji mlangoni umefunikwa sahani. Alikuwa mchoyo wa maji kupita kiasi. Kikombe kimoja cha kunawia alikitazama mpaka kikaisha. Maziwa, kinyume chake, aliyagawa ovyo. Ukipita tu na chombo mkononi, unapewa. Nilipomwambia kwamba ni ajabu mtu kubania maji na kumwaga maziwa, alinijibu kwamba maji yanakwenda chini na maziwa yanakwenda kwa mtu.

Ila kilichompa jina mtaani ni sakafu.

Asiyejua udongo wa kule hawezi kuelewa. Udongo wa mbuga ni mweusi, mzito, mzuri kwa pamba na mpunga, lakini ukikauka unapasuka. Sakafu ya udongo ule, hata uisiribe kwa samadi ya ng'ombe namna gani, ikifika kiangazi inafanya nyufa ambazo kidole kinaingia. Kwa hiyo wanawake husiriba upya, baada ya mavuno na tena kabla ya Krismasi, na kusiriba ni ufundi. Yeye alikuwa bingwa. Alipiga magoti pembeni ya chumba, akaanza kurudi nyuma akichora nusu duara kwa kiganja, mkono unakwenda na kurudi, na alipofika mlangoni chumba kizima kilikuwa kimekuwa kitu kimoja. Majirani walimwita. Hakufanya kwa malipo. Nadhani hakuweza tu kuvumilia kumjua mtu mwenye sakafu yenye nyufa.

Kisha ikaja yadi.

Yadi ya kuchenjua dhahabu ilijengwa nyuma ya mtaa wetu, imezungushiwa mabati, na ndani yake kulikuwa na makarasha, zile mashine za kusaga mawe, yanayonguruma tangu asubuhi mpaka jioni. Mawe yaliletwa kwa malori kutoka machimboni. Yalisagwa, yakaoshwa, yakachanganywa na zebaki, mabaki yakaloweshwa tena kwa dawa nyingine ili kisibaki hata chembe, na mwisho kilichobaki kikamwagwa nje ya uzio. Lilikuwa lundo kubwa la mchanga wa kijivu, laini kuliko unga wa muhogo.

Mlinzi wa getini hakuwa na neno na lundo lile. Alitaka lipungue. Mama mwenye nyumba alilipitia akitoka misa, akainama, akachota kidogo, akausugua kati ya vidole. Halafu akaweka kidogo kwenye ulimi, kama wanavyofanya mafundi wa sakafu kujua kama udongo una kokoto. Haukuwa na kokoto. Alirudi na beseni.

Alichanganya mchanga ule na udongo wa mbuga na samadi, akajaribu kwanza chumbani kwake. Kiangazi kilipofika, sakafu yake haikupasuka. Ilikuwa ngumu, ya kijivu iliyokolea, inang'aa ukiipangusa. Wanawake walikuja kuitazama, wakavua viatu bila kuambiwa, wakaigusa. Mmoja aliilalia kabisa akaweka shavu chini kusikia ubaridi wake. Kabla mwaka haujaisha, mtaa mzima ulikuwa unapishana na mabeseni kwenda lundoni, na yeye ndiye aliyekuwa anaonyesha vipimo: mbuga kiasi hiki, samadi kiasi hiki, kijivu kiasi hiki. Chumba changu alikisiriba nikiwa shuleni. Nilirudi nikakuta kinang'aa, nikamshukuru. "Wabeja, mama." Alifurahi mno kwamba nimejifunza neno.

Kuna siku nilimuuliza kama hana wasiwasi na dawa za wale jamaa. Hakutaka hata kunisikiliza.

"Wameusaga, wameuosha, wameuosha tena, wametoa walichokuwa wanakitafuta. Kimebaki nini? Mchanga huu umeoshwa kuliko mimi na wewe, mwalimu."

Na mimi, niliyefundisha sayansi darasa la sita, niliona ana hoja.

Mjukuu wake aliletwa akiwa anatambaa. Alikuwa mtoto wa binti yake wa pekee, aliyekuwa anaishi Mwanhuzi na kuuza nguo mnadani, leo huku kesho kule, na hakuweza kuzunguka na mtoto. Mama mwenye nyumba alimpokea, akamwita ng'wanone, mwanangu, akabadilika mbele ya macho yangu. Yule aliyekuwa anahesabu vikombe vya maji alimwogesha mtoto asubuhi na jioni. Mayai ya kuku wake, ambayo zamani alituuzia sisi wapangaji, yakawa ya mtoto tu.

Na sakafu ikawa ya mtoto. Hakumtandikia mkeka. "Mkeka wa nini? Hapa unaweza kula ugali chini," alisema, na mtoto akala ugali chini. Alijiviringisha, akalala pale kwenye ubaridi wakati wa jua kali, akailamba. Niliwahi kumwona akilamba pale karibu na mlango, ulimi wote nje, na bibi yake akacheka mpaka akakaa. "Anajua kitamu, huyu." Alipoanza kujishikiza ukutani, bibi alimfundisha sheria ya nyumba kabla ya kitu kingine chochote. Alimvalisha vindala, akamtoa nje, akamrudisha mlangoni, akasema, "Hapa siyo stendi," na mtoto akainama kuvua. Walirudia mchezo ule kila siku. Mtoto hakuwa anatembea sawasawa, lakini kuvua viatu alikuwa anajua.

Kutembea kulichelewa. Maneno hayakuja kabisa. Watoto wa jirani wa umri wake walikuwa wanatukana, yeye hakuwa na neno hata moja, hata mama. Akishika kikombe mikono ilitetemeka, uji ukamwagika, akalia kwa hasira isiyo ya mtoto mdogo. Bibi yake alikuwa na maelezo. Babu yake naye alichelewa kusema. Anaota meno. Ana aibu. Mimi nilikaa na watoto kila siku ya kazi na nilijua kwamba si aibu. Nilimwambia ampeleke hospitali, akaninunia kwa siku kadhaa, kisha akampeleka.

Daktari alimpima mtoto, halafu akaanza kuuliza maswali kuhusu nyumba. Hilo lilimshangaza bibi yake. Alirudi akanisimulia kwa dharau: "Nimempeleka mtoto, ananiuliza sakafu." Siku chache baadaye bwana afya alifika uani na vifuko vya plastiki na kijiko. Nilikuwepo. Alichota vumbi dirishani, akachota juu ya kabati, akakwangua sakafu kidogo pembeni, kisha akapiga magoti na kuingiza mkono chini ya kitanda. Alitoka na vumbi la kijivu kijikoni. Mama mwenye nyumba alisimama mlangoni mikono kifuani, na uso wake sitausahau. Bwana afya alikuwa anatafuta sumu. Yeye alichokiona ni kwamba mwanamume mgeni amekuta vumbi chini ya kitanda chake.

"Nilifagia asubuhi," aliniambia alipoondoka. "Wewe si uliniona?"

Nilimwambia nilimwona.

Majibu yalisomwa kwenye mkutano wa mtaa. Tulikaa kwenye viti vya plastiki nje ya ofisi, na nyuma yetu makarasha yananguruma, ikabidi bwana afya apige kelele. Alisema zebaki imeonekana kwenye udongo wa nje na kwenye vumbi la ndani ya nyumba, na kwamba vumbi la ndani ni baya zaidi kuliko la nje. Ule mchanga wa lundo usitumike tena. Watoto wanawe mikono kabla ya kula, wasile udongo. Nyumba zisifagiwe kavu, kwa sababu ufagio unalirusha vumbi hewani na watu wanalivuta. Zipanguswe kwa kitambaa chenye maji.

Mama mwenye nyumba alisimama.

"Bwana afya, mimi mtu mzima, nielewe vizuri. Unasema nisifagie?"

"Usifagie kavu, mama."

"Maji yenyewe ya kupangusa nyumba nzima kila siku, utaniletea wewe?"

Watu wakacheka, naye akageuka kuwapa nafasi ya kucheka vizuri. Mkutano ulikuwa wake, nilimwona anavyoufurahia. Akaendelea kwamba yeye amesiriba tangu msichana, kwamba hajawahi kusikia udongo umemdhuru mtu, kwamba kama ni sumu basi waliomo mle ndani ya mabati wangekuwa wameshakufa wote. Ndipo mwanamke mmoja wa mistari ya nyuma, jirani yetu wa nyumba ya tatu, mwenye mimba kubwa, alisema bila kusimama.

"Mama, wewe ndiye uliyetufundisha."

Kicheko kilikatika. Mama mwenye nyumba aligeuka, akalitazama tumbo lile. Alikaa. Nilikuwa pembeni yake na nilitaka kumshika mkono, lakini hakuwa mtu wa kushikwa mkono hadharani, nikaacha. Aliporudi nyumbani alichukua ufagio akafagia nyumba nzima, kavu, kwa nguvu ambayo sijawahi kuiona, na vumbi likatoka mlangoni na madirishani mpaka likanikuta chumbani kwangu. Nilikaa kitandani nikiwa nimeziba pua kwa mtandio. Nilimwonea huruma, na pia, niseme ukweli, nilimwogopa. Sakafu niliyokuwa nimekanyaga ilikuwa ile ile.

Binti yake alikuja kutoka Mwanhuzi baada ya kusikia. Ni mwanamke mpole, mfupi, hafanani na mama yake hata kidogo. Hakuingia ndani. Alipiga goti uani kumsalimia mama yake, kisha akasema amemfuata mtoto.

"Utamlea wapi? Mnadani?" mama yake akauliza.

"Nitajua."

"Mimi nimekulea wewe kwenye sakafu hii hii."

"Siyo hii, mayu," binti akasema. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na alilisema kwa upole, ndiyo maana liliumiza. "Mimi nililelewa kwenye mbuga na mavi ya ng'ombe. Yenye nyufa. Hii umeileta juzi."

Mama mwenye nyumba aliinua mkono kuonyesha nyumba, ule mng'ao mlangoni, kama vile nyumba ingemjibia. "Ni safi," akasema.

"Najua ni safi, mayu. Hakuna mtu anayesema wewe ni mchafu. Ila mtoto haingii humo tena mpaka iwe salama. Ukitaka kumwona, njoo Mwanhuzi. Huko kuna vumbi, lakini ni vumbi tu."

Mtoto alikuwa mgongoni tayari, amefungwa kanga. Aliondoka anaangalia nyuma. Bibi yake alibaki uani, na jioni ile ua haukufagiwa. Asubuhi nilipotoka niliona nyayo za binti, zimekuja mpaka karibu na mlango, zimezunguka, zimerudi. Zilibaki pale mpaka upepo ukazifuta.

Sijui aliamini lini. Hakuwahi kuniambia, na mtu wa aina yake hasemi. Ninachojua ni kwamba asubuhi moja ya likizo nilisikia jembe likipigwa ndani ya nyumba. Nilitoka nikamkuta amefunga kanga puani na mdomoni, amelowesha sebule kwa maji, maji yale aliyokuwa anayabania, na anaing'oa sakafu. Inatoka mabonge mabonge, ngumu. Nilimwambia anisubiri nivae nimsaidie. Akanikatalia. "Hii niliiweka mwenyewe." Kuku walikuwa nje, wamefungiwa kwenye tenga, wanalalamika.

Tatizo likawa pa kuutupa ule udongo. Shambani hakutaka. Jalalani kuna watoto wanaochezea. Aliona jambo moja tu la haki, nalo ni kuurudisha ulikotoka. Alijitwika beseni akaenda mpaka getini kwenye yadi, nami nikamfuata, kwa sababu nilijua mdomo wake. Mlinzi alikuwa yule yule.

"Nimeleta mchanga wenu."

"Mama, huku tunatoa, hatupokei. Ukishachukua, umechukua."

"Nimeutumia, haunifai. Nikuwekee wapi?"

"Huwezi kuuweka hapa, mama. Mimi nitafukuzwa kazi."

Wakati wanabishana, gari la mwenye yadi lilitokea ndani likitaka kupita. Alikuwa mtu mwenye heshima zake, alisimamisha gari, akateremsha kioo na kumwamkia vizuri, shikamoo mama, kuna shida gani? Mama mwenye nyumba hakuitikia. Aliteremsha beseni kichwani, akalimwaga pale pale mbele ya gurudumu. Juu ya beseni kulikuwa na mabonge yenye maji, lakini chini yake kulikuwa na mchanga mkavu, vumbi lake likapanda. Mwenye yadi akafunga kioo. Alikifunga haraka, hata kabla vumbi halijamfikia, akakaa ndani akisubiri litulie.

Tulipofika uani akasema, "Alifunga kioo, mwalimu."

"Ndiyo, mama."

"Anajua." Alikaa chini, pale uani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya bila kutandika kitu. "Mimi sikujua. Yeye anajua."

Nilimwona akilia mara hiyo tu. Alilia bila sauti na bila kufuta machozi, na yalipokauka akainuka akaenda kujaza beseni lingine. Alilimwaga pale getini pia, na la kesho yake pia. Mchana alikuwa akipita nyumba kwa nyumba, zile alizosiriba kwa mikono yake, anawaambia wang'oe. Hakuomba radhi, sidhani kama alijua namna yake, alisema tu, "Nimekuja kuhusu ile sakafu. Itoe. Nitakusaidia." Wengine walikubali. Wengine walimfungia mlango. Yule jirani wa mkutanoni, aliyekuwa ameshajifungua, alimwacha akapige magoti chumbani kwake na jembe dogo, na yeye akakaa nje na kichanga, hakumpa hata maji ya kunywa. Mama mwenye nyumba aling'oa chumba kile mpaka mwisho.

Mimi nilihamishiwa Mwamanyili kabla hajamaliza. Ningependa kusema nilihuzunika kuondoka, na nilihuzunika, lakini nililala vizuri zaidi. Hadi leo nikikohoa asubuhi nakifikiria chumba kile.

Nilirudi Bariadi mwaka jana, kwa semina ya walimu, na siku ya mwisho nikaenda kumsalimia. Makarasha yalikuwa yananguruma vile vile. Lundo lilikuwa limezungushiwa utepe, na utepe ulikuwa umekatika. Nilimkuta nje kwenye kigoda, amezeeka ghafla, kitambaa cha kichwa kimelegea. Ua ulikuwa umenyunyizwa maji na haukuwa na mistari.

"Mwangaluka, mwalimu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mhola?"

"Mhola," nikasema, na safari ile nilimuuliza na yeye. "Wewe je, mama, mhola?"

Alifikiri. "Leo, ndiyo," akajibu. "Wanakuja."

Likizo ilikuwa imeanza, na binti alikuwa njiani kutoka Mwanhuzi na mtoto. Tulipokuwa tunawasubiri alinionyesha nyumba kwa mbali, kwa kidevu. Alikuwa ameweka sakafu mpya ya mbuga na samadi, bila kijivu. Kutoka pale tulipokaa niliziona nyufa zake mlangoni, pana, za kawaida. Lakini bwana afya alikuwa amerudi na vifuko vyake, akasema darini vumbi lile bado limo, na kwenye kuta, na kila siku makarasha yakisaga linaingia jingine. Kwa hiyo mama mwenye nyumba alikuwa amehamia kwenye jiko la nje, ambalo hakuwahi kulisiriba. Ndani hakulali mtu. Mapazia yalikuwa yamefuliwa, hata hivyo, na meza imefunikwa kitambaa.

"Binti yangu akiona sakafu mpya atasema sasa ni sawa," alisema. "Hajui habari ya darini. Ningenyamaza tu, angeingia."

Aliangalia barabarani.

Walifika kwa pikipiki. Mtoto alikuwa amekua, mwembamba, umri wa kuanza shule, amevaa viatu vyekundu vya mikanda. Mikono bado ilikuwa na mtetemo kidogo. Niliuona alipomwamkia bibi yake kwa ishara ya mkono. Binti alipiga goti kusalimia, akainuka, akachungulia mlangoni, akaona nyufa. Uso wake ulilegea. Alimwachia mtoto mkono.

Mtoto alikimbilia mlangoni moja kwa moja. Alifika kizingitini, akasimama, akainama na kuanza kuhangaika na mkanda wa kiatu kwa vile vidole vyake visivyotulia. Akaufungua. Halafu akageuka kumtazama bibi yake, na mtoto yule ambaye miaka yote sikuwahi kusikia neno lake, akasema taratibu, kila neno kwa wakati wake:

"Hapa. Siyo. Stendi."

Mama yake akacheka kwa furaha. Mimi nilishika mdomo. Mama mwenye nyumba alikuwa ameshainuka kwenye kigoda, na nilidhani anakwenda kumkumbatia. Alimfikia, akamshika mkono asivuke.

"Usivue, ng'wanone," akasema. "Siku hizi ni stendi."

Akapiga magoti akamfunga mkanda ule aliokuwa ameufungua, polepole, kwa sababu mikono yake nayo siku hizi ilikuwa na mtetemo ule ule wa mtoto. Kisha akakaa kizingitini, akanyoosha miguu kuziba mlango, akampakata mtoto na viatu vyake, wote wawili wakatazama barabarani.